Kuupanga Msimu wa Omena Mwili Unapokataa

Mvuvi wa omena anaweza kupoteza nusu ya msimu kwa ugonjwa ambao ungetibiwa bila yeye kukosa usiku hata mmoja wa maana. Ngiri inajitokeza wakati wa Krismasi. Januari inavumiliwa, Februari inafungwa kwa kitambaa, na Aprili kazi inaposimama inasahaulika kabisa. Kisha wiki ya pili ya Agosti, baada ya kukesha mara tatu nne kwenye wavu, inakwama, na mtu anakimbizwa hospitali akitapika. Anapasuliwa usiku huo huo, na akitoka anaambiwa asiinue kitu kizito kwa wiki kadhaa, wakati boti zote zimeshaingia majini. Mwongozo huu ni wako wewe unayevua kutoka Dunga, Usoma, Kusa, Luanda Kotieno, Uhanya, Mbita au Sori ukiwa na mwili usiotabirika: una ngiri, presha, kisukari au virusi vya UKIMWI, au malaria haikupi nafasi ya kupumua. Ninalotaka kukushawishi ni jambo moja. Uvuvi wa omena una kalenda mbili zinazokulazimisha kupumzika, moja ya sheria na nyingine ya mwezi wa angani. Matibabu yako yaingie ndani ya mapumziko hayo kwa makusudi, na mipango ya siku ugonjwa utakapovunja ratiba ifanyike kabla boti haijasukumwa majini.

Kalenda ya sheria inajulikana na kila mtu ufuoni. Upande wetu wa Ziwa Victoria omena hawavuliwi kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai ili wapate kuzaana. Hizo ni siku 122, zaidi ya wiki 17. Kalenda ya pili haikuandikwa na mtu. Omena huvuliwa usiku kwa taa, iwe karabai ya mafuta taa au taa ya sola inayoelea, na taa hiyo huwavuta samaki pale tu giza linapokuwa zito. Mbalamwezi ikimulika ziwa zima, taa inapoteza nguvu na wavu unarudi mwepesi, ndiyo maana boti nyingi hupumzika takriban wiki moja katikati ya kila mwezi mpevu. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu. Kuanzia Agosti hadi Machi ni siku 243, kwa hiyo mwezi utakuwa mpevu mara nane hivi, na kila mara utakupa siku saba za kazi haba. Ukijumlisha unapata siku 56 ndani ya msimu wenyewe, mbali na zile 122 za kufungwa. Anayesema hana nafasi ya kwenda kliniki hajazihesabu siku hizo.

Kuna atakayejibu kwamba wiki ya mbalamwezi si ya kulala. Ndiyo wiki ya kushona nyavu, kuziba nyufa za boti, kupeleka injini kwa fundi na kwenda nyumbani kuona watoto. Ni kweli, na sikuombi uiache kazi hiyo. Lakini kliniki inakula siku moja kati ya saba, na kushona wavu ukiwa umekaa kivulini ni kazi anayoiweza mtu aliyetoka kuugua. Hata huo mwezi mpevu ukiupoteza wote kitandani, umepoteza siku ambazo wenzako nao hawakupata kitu. Ukiipoteza wiki ya giza, umepoteza unga wa watoto.

Sasa yapange maradhi yako katika mafungu mawili, yanayoweza kusubiri na yasiyoweza. Katika lile la kwanza ngiri ndiyo mfano mkubwa, kwa sababu kukokota wavu uliojaa maji na kusukuma boti mchangani ni kazi za tumbo na kinena. Uvimbe unaoingia ndani ukilala chali na kutoka ukisimama unaweza kupangiwa tarehe ya upasuaji. Ukipasuliwa katikati ya Aprili, ukapumzika kuinua mizigo kwa wiki sita kama madaktari wengi wanavyoshauri, mwanzoni mwa Juni umepona na bado una miezi miwili ya kurudisha nguvu. Lakini uvimbe ukiwa mgumu, ukauma, ukakataa kurudi ndani, nawe ukaanza kutapika, mambo ya tarehe yamekwisha. Hiyo ni dharura ya saa, si ya siku, na unapaswa kupelekwa mara moja kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, iwe ile ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo watu wa Kisumu bado wanaiita Russia, au iliyo karibu nawe zaidi. Fungu hili lina pia jino bovu, miwani, na tohara kwa mwanamume aliyeamua kufanyiwa. Utafiti uliofanyika Kisumu kwa vijana 2,784 na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke kwa zaidi ya nusu, ingawa haimwondolei haja ya kondomu. Wavuvi wengi huahirisha kwa sababu hawataki kukosa kazi. Aprili hakuna kazi ya omena ya kukosa.

Kichocho ni hadithi nyingine, na hapa kalenda ya sheria inakusaidia kwa namna ambayo wengi hawaijui. Konokono wanaobeba vimelea vyake wako kwenye maji ya kina kifupi ufuoni, pale pale unaposukuma boti na kuoga. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na wenzao wa Marekani waliwafuatilia kwa miaka vijana wanaoosha magari wakiwa wamesimama ziwani hapa Kisumu. Waliwapa dawa ya praziquantel, wakawaona wakiambukizwa upya na kutibiwa tena. Baadhi yao walijenga kinga baada ya kutibiwa mara nyingi, lakini wengi waliendelea kurudi na minyoo. Funzo kwa mvuvi ni kwamba kumeza dawa katikati ya msimu huku ukiendelea kuingia majini kila alfajiri ni kama kukausha sakafu bomba likiwa wazi. Kuna jambo la pili: praziquantel huua minyoo iliyokomaa, lakini haina nguvu ya kutosha kwa ile michanga iliyoingia mwilini wiki chache zilizopita. Kwa hiyo tarehe 1 Aprili yenyewe si siku nzuri ya kumeza. Kaa nje ya maji ya ziwa Aprili yote na sehemu kubwa ya Mei, kisha mwishoni mwa Mei au Juni nenda kituo cha afya upimwe, na dawa ikihitajika upewe kwa kipimo cha mwili wako. Minyoo yote itakuwa imekomaa na dawa itaikuta. Kukaa nje ya maji kunajumuisha kuoga, na hapo ndipo wengi wanajikwaa. Maji ya ziwa yaliyokaa kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili hayana tena vimelea hai vya kichocho, hivyo ogea hayo. Akina mama wanaosuuza na kuanika omena ufuoni wanafuata kalenda hizi hizi, na ushauri huu unawahusu sawasawa.

Fungu la pili ni la maradhi yasiyokubali kupangiwa tarehe, na hapa pingamizi la msomaji lina nguvu: ugonjwa hausubiri Aprili. Haukubali kusubiri, lakini unaweza kupunguziwa madhara. Malaria ndiyo inayowatoa wavuvi wengi kwenye boti, na kanda hii ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi kuliko sehemu yoyote ya Kenya. Kilele chake huja baada ya mvua za masika, kwa kawaida kati ya Mei na Julai, yaani ndani ya miezi ya kufungwa. Ndiyo miezi unayolala nyumbani usiku badala ya kukesha ziwani, na kwa hiyo ndiyo miezi ambayo chandarua kinaweza kukufanyia kazi yake yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwakuta watu wa vijiji vya wavuvi upande wetu wa ziwa wakitumia vyandarua vyenye dawa kuanikia samaki. Sababu inaeleweka, chandarua ni bure na wavu wa kuanikia ni ghali, lakini hesabu haijalipa: malaria moja ya mtu mzima inakula siku nyingi za kazi kuliko bei ya wavu. Ukiugua, pimwa kwanza, kwa sababu si kila homa ni malaria. Dawa ya malaria, AL, ni dozi sita kwa siku tatu, ya pili inamezwa saa nane baada ya ya kwanza, na zote humezwa pamoja na chakula. Mvuvi anayemeza dozi tatu, akapata nafuu na kurudi ziwani na vidonge vilivyobaki mfukoni, anajiandalia homa ya wiki ijayo. Mgonjwa akichanganyikiwa, akapata degedege, akatapika kila anachomeza, akapumua kwa shida, macho yakawa ya njano au mkojo ukawa mweusi, asilale bandani kungoja asubuhi.

Mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia dawa vizuri anaweza kuvua msimu mzima kama mtu mwingine yeyote. Tatizo lake ni tarehe za kliniki na uhamaji, kwa sababu omena wakihama kutoka Rusinga kwenda Usenge, naye anahama. Mgonjwa aliyetulia hupewa dawa za miezi mitatu, na wengine za miezi sita, kwa hiyo mwombe mhudumu apange tarehe zako zidondokee kwenye mwezi mpevu: Agosti, Novemba, Februari. Mwambie waziwazi kwamba unavua usiku na unahamahama, akuandikie barua ya kupatiwa dawa kwenye kituo kingine ukiishiwa. Chagua saa ya kumeza unapokuwa nchi kavu, mfano saa kumi na moja jioni kabla ya kuondoka, badala ya saa tatu usiku mikono ikiwa imelowa na boti inayumba. Kidonge kinachomezwa ziwani ndicho kinachosahaulika. Kifua kikuu ni kigumu zaidi, kwa kuwa matibabu yake ya kawaida ni miezi sita na miezi ya kufungwa ni minne. Usingoje Aprili hata siku moja. Anza siku unayoambiwa, kaa nje ya boti mpaka daktari aseme huambukizi tena, na wenzako mnaolala nao banda moja wapimwe.

Presha haiumi, na kwa sababu haiumi wengi huacha vidonge mara tu msimu unapoanza. Vimeze nchi kavu kama wengine. Mwenye kisukari anayechoma insulini asikeshe ziwani bila chakula na bila angalau mwenzake mmoja kujua dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, kuongea ovyo. Kwa mwenye kifafa ambacho hakijatulia, sitakupamba kwa maneno. Boti si mahali pako. Kuna kazi ya heshima nchi kavu, kushona nyavu, kutunza na kuchaji taa, kupima na kuuza mzigo, kuweka hesabu ya boti, na mwenye boti mwenye busara atakulipia kazi hiyo kuliko kukupoteza majini usiku ambao hakuna atakayekuona ukianguka.

Sasa tufike kwenye jambo linalowatisha watu kuliko ugonjwa wenyewe: ukikosa kazi ya usiku mara mbili tatu, mwenye boti ataweka mtu mwingine, na huyo mtu hatatoka. Hofu hii ndiyo inayowapeleka watu ziwani na homa. Dawa yake ni makubaliano yanayofanywa Julai, kabla mtu yeyote hajaugua, mbele ya kamati ya usimamizi wa ufuo wenu, BMU. Kanuni za BMU zimekuwapo tangu 2007 na kamati hizo husuluhisha mambo makubwa kuliko haya. Kila baharia ataje mtu wa kumshikia nafasi, na mgawo ujulikane. Chukua mfano wa hesabu tu: usiku mmoja umeleta shilingi 6,000 baada ya kutoa mafuta na chaji ya taa. Nusu imeenda kwa mwenye boti na wavu, nusu imegawiwa watu wanne, kila mmoja 750. Mkikubaliana kwamba aliyeshika nafasi achukue 500 na mgonjwa 250, kwa muda usiozidi kazi za usiku 14, mgonjwa atakuwa na nauli na chakula, aliyeshika nafasi atajua ni kazi ya muda, na mwenye boti hatakuwa ametoa senti zaidi. Utasikia ikisemwa kwamba mwenye boti hawezi kukubali kufungwa mikono. Atakubali ukimwonyesha faida yake, kwa sababu boti yenye watu watatu badala ya wanne usiku wa upepo ni hasara yake kabla ya kuwa yako, na baharia mwenye homa anayesinzia kwenye kamba anaweza kuupoteza wavu mzima. Andikeni kwenye daftari la boti, kila mtu atie sahihi. Maneno ya mdomo hayadumu mpaka Novemba.

Pingamizi la fedha ndilo zito zaidi kuliko yote, na nisingependa kulipita haraka. Unaniambia nikatibiwe Aprili, msomaji atasema, na Aprili ndipo nyumba haina hela. Sawa kabisa, na ndiyo maana matibabu ya Aprili yanalipiwa Septemba. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kwa mtu asiye na mshahara mchango hupangwa kwa tathmini ya kipato, asilimia 2.75, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Hulipwa kwa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani angalau 3,600. Kwa mtu anayepata pesa kidogo kidogo kila alfajiri, mkupuo ni mlima, lakini 3,600 ikigawanywa kwa miezi minne ya kwanza ya msimu ni 900 kwa mwezi, au chini ya 50 kwa kila usiku wa kazi ukikesha mara 20. Chama cha boti kinaweza kuikata pesa hiyo ufuoni kabla ya mgawo na kuiweka kwenye M-Pesa ya mweka hazina. Bila mchango huo, zahanati na vituo vya afya vya serikali bado vinatakiwa kukuhudumia bure ukiwa umejiandikisha, na dawa za UKIMWI na kifua kikuu hazilipiwi. Mchango unahitajika kwa upasuaji na kulazwa, na hayo ndiyo yanayouza boti.

Kurudi kazini nako kunahitaji akili, na mwezi unakupa ngazi ya kupandia. Usirudi wiki ya giza totoro, ambapo kazi huanza jioni na kuisha alfajiri. Rudi siku ya nne au ya tano baada ya mwezi kuwa mpevu. Kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50, kwa hiyo siku ya nne utachomoza karibu saa nne usiku. Hapo una giza la saa tatu hivi tangu jua kuzama, linalotosha kutega taa, kukokota mara moja au mbili na kurudi. Kesho yake zamu inarefuka kidogo, na hivyo hivyo mpaka giza linapokuwa la usiku kucha nawe mwili umeshajua kazi. Siku hizo za mwanzo shika taa na usukani, waache wengine wakokote. Ukiona kizunguzungu au kidonda kinavuta, sema usiku ule ule.

Vikwazo visivyo vya mwili vinapangwa kwa mantiki hiyo hiyo, nami nitavipita haraka. Gugumaji likifunga Ghuba ya Winam, boti ya Dunga au Kendu Bay inaweza kukaa siku kadhaa bila kutoka. Siku hizo zihesabiwe kama mwezi mpevu wa ziada, na anayengoja kliniki aende. Mafuriko kama ya mwaka 2020, ziwa lilipopanda na kumeza mabanda ya ufuoni, yanafundisha kwamba vidonge, kadi ya kliniki na kitambulisho vikae kwenye mfuko usiopitisha maji, na nakala ibaki nyumbani. Matanga hayapangwi, lakini makubaliano yale ya kushikiwa nafasi yanatosha kwa msiba kama yanavyotosha kwa homa. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Ziwa Victoria. Usiku uliotabiriwa dhoruba si usiku wa mgonjwa kurudi kazini, wala wa mtu yeyote bila jaketi la kuokolea.

Wapo watakaosema kwamba miezi ya kufungwa haifungwi, kwamba kuna boti zinazoiba usiku wa Mei na mwenye kukaa nyumbani ndiye mjinga. Anayevua Mei anauza kwa kujificha, mvua inamnyima jua la kuanikia, anahatarisha wavu na boti kukamatwa, na anaingia Agosti akiwa na ngiri ile ile, minyoo ile ile na uchovu wa miezi kumi na miwili. Mwili wake umekosa mapumziko pekee ambayo sheria ilimpa bure, na samaki wamekosa yao.

Usingoje tarehe 1 Aprili ndipo uanze kutafuta daktari. Orodha ya upasuaji wa kupangiwa tarehe katika hospitali za umma huwa ndefu, na haijui lolote kuhusu omena. Nenda Februari, wiki ya mbalamwezi, uonwe, uandikwe, na uombe tarehe ya Aprili.